Fremu

Kwangu neno hilo lilikuwa la kodi:
fremu ya barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
futi nane kwa kumi, cherehani mbili,
na mwenye nyumba anayekohoa nje kabla ya kubisha.
Leo nimesimama kwa Hoza, muuza mitumba ya chuma,
naambiwa nichague fremu,
na kodi ya hii, naona, italipwa na mgongo.

Zimeshuka juzi kwenye kontena,
baiskeli za mbio, zimeshikana pembe kama beberu mnadani.
Moja rangi yake damu ya mzee.
"Hii," anasema Hoza, "ilikuwa inakusubiri."
Maneno hayo nayajua. Nami huyasema
mteja akijitazama kiooni ndani ya koti
lililomeza vidole vyake.

Nikaipanda. Ncha za viatu zikatafuta sakafu.
Bomba la juu likanigusa pale
ambapo chuma hakina ruhusa.
Usukani ulikuwa mbali, nikaunyooshea mikono
kama mtu anayekopa.
Hoza akashusha kiti hadi mwisho wake.
"Unaona? Imekukaa."
Haikunikaa. Ilinivumilia.

Suruali ya mtumba naiweza:
kiuno nitakibana, pindo nitalikunjua,
nitaongeza kitambaa msambani mtu achutame kwa amani.
Chuma hakina pindo.
Kiti kitapanda na kushuka, sawa,
usukani utasogea kidole kimoja, viwili,
lakini ile pembetatu, mifupa yenyewe,
ilichomelewa mara moja, kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na mtu huyo nilimwona.
Kwenye nguzo ya kiti pana mchubuko wa duara
pale alipoikaza, asiiguse tena miaka.
Nikavua futikamba shingoni,
nikapima kutoka pedeli hadi kwenye kiti kingefika:
mwanamume, miguu ya korongo,
mkono wa kulia mzito, maana utepe wa usukani
umelika upande huo.
Ningemshonea suti bila kumjua jina.

Yangu sikuwa naijua.
Miaka kumi na tisa napima watu mguu wa ndani,
naangalia pembeni, naandika daftarini,
na wangu sijauandika hata mara moja. Kinyozi hajinyoi.
Nikamwita Mwantumu, mwanafunzi wangu.
Nikasimama peku, visigino ukutani,
daftari la madeni nimelibana mapajani, juu kabisa,
akavuta futikamba kutoka sakafuni.
"Sabini na nne, fundi."
"Pima tena."
"Sabini na nne, hata ukivuta pumzi."

Hoza akapiga hesabu kwenye simu, shingo upande,
mara sifuri nukta sita saba:
hamsini kasoro kidogo.
Damu ya mzee, chini ya tumbo lake,
imeandikwa hamsini na nane.

Nyuma kabisa, nyuma ya majokofu mabovu,
akavuta moja ya rangi ya uji uliopoa,
stika nusu zimebanduka, cheni ina kutu,
breki inalia kama bata.
Sikuipenda. Nikasimama juu yake.
Mwantumu akapima nafasi kati yangu na bomba
kwa vidole viwili, kama nilivyomfunza kwa kola.
Vikapita.
Nikakaa. Viganja vikafika bila kutumwa,
viwiko vikalegea vyenyewe.

"Laki mbili na nusu," Hoza akasema, akiangalia paa.
Tukakubaliana laki na themanini
na kaptula tatu za shule za wanawe,
zenye pindo refu, maana wanakua.

Kabla ya kutoka nikairudia ile nyekundu.
Nikatoa chaki mfukoni, ile ya kuchorea vitambaa,
nikaandika kwenye bomba lake, kwa mwandiko wa kazi:
mguu wa ndani, themanini na saba.
Mwenyewe akipita, asibembelezwe.